DD-214 (cheti cha kutoka jeshini) ina jina la baba, leseni ina jina la mume: nianzie wapi?

Mama Kulwa na Doto ameandika:

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya miaka mingi, leo nimebanwa.

Niliingia jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2010 kwa mpango wa MAVNI, ule uliokuwa ukichukua wageni wenye viza kwa ajili ya lugha zao. Mimi nilipimwa Kiswahili, kwa simu. Nilicheka mpaka mpimaji akaniuliza kama niko sawa. Mafunzo ya mwanzo nilifanyia Fort Jackson, kisha Fort Leonard Wood kujifunza malori, halafu nikapangiwa Fort Hood. Mwaka 2012 tukapelekwa Kuwait, miezi tisa. Nikatoka 2014, miaka yangu minne imetimia, nimeagwa kwa heshima, sina doa.

Nikakunja sare, nikaolewa, nikazaa mapacha, basi. Mwaka 2017 nikaanza kubanwa na kifua usiku, daktari akasema pumu. Kwetu hakuna mwenye pumu. Sasa kila asubuhi kabla ya chai navuta dawa. Na goti la kulia lina hadithi yake: nilikosea ngazi ya lori nikiwa na mzigo mgongoni, nikaenda kwa tabibu wa kikosi, nikapewa ibuprofen na kuambiwa ninywe maji mengi. Waliopita jeshini wanaijua hiyo tiba.

Sijawahi kudai chochote VA, ile idara ya Marekani ya wanajeshi wa zamani, yaani maveterani. Siku moja, 2019, nilijikaza nikaenda kituo fulani cha afya cha wanajeshi waliostaafu. Dada wa mapokezi akaniuliza jina la mume wangu na tarakimu nne za mwisho za namba yake. Nikamwambia mwanajeshi ni mimi. Akarudia swali lilelile, pole pole, kama anaongea na mtu asiyesikia. Nikamwambia nimesahau kitu kwenye gari. Sikurudi. Nimeendesha lori usiku jangwani taa zikiwa zimefunikwa, nikaja kushindwa na swali la mapokezi.

Sasa naombeni msaada. DD-214 yangu ina jina la baba, na leseni na kila kitu kingine kina jina la mume. Je, hilo ni tatizo? Halafu miaka 11 imeshapita, bado nina haki? Kuna kaka mmoja hapa Texas anasema atanishughulikia kila kitu, na ikikubaliwa nimlipe nyongeza ya mwezi mara tano. Mume wangu anaona ni sawa, eti mambo haya yanataka mtu anayejua njia. Na kingine: mimi sikupigana. Nikisikia veterani namwona yule babu mwenye kofia ya Vietnam. Naona kama nitakuwa najipenyeza kwenye sherehe ya watu.

Lipo jambo jingine la Fort Hood, ila hilo siandiki hapa.

---

Sajini Mstaafu amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujaendelea kusoma, fungua dirisha jingine, ingia VA.gov, weka nia ya kudai. Au piga 800-827-1000 useme kwa mdomo wako kwamba unataka kuweka nia ya kudai fidia ya ulemavu. Ukipenda karatasi, ni fomu 21-0966. Nenda. Nakusubiri.

Umerudi? Haya, sikiliza kwa nini nimekukimbiza. Nia ya kudai ni kama kuweka kanga kwenye kiti: inakushikia tarehe kwa mwaka mzima. Ukileta dai kamili ndani ya mwaka huo na likakubaliwa, malipo yanahesabiwa kuanzia tarehe ya nia, hata kama majibu yanakuja miezi mingi baadaye. Bila kanga, kiti si chako. Sheria ya PACT iliposainiwa 10 Agosti 2022, waliowasilisha dai au nia hadi 14 Agosti 2023 walirudishiwa fedha mpaka siku ile ya kusainiwa. Basi hilo limekupita, dada, na siwezi kulirudisha. Ila la mwezi huu bado liko kituoni.

Kuhusu pumu. Umesema Kuwait 2012, na pumu 2017. Kwa sheria hiyo ya PACT, aliyehudumu Kuwait tangu Agosti 1990 anachukuliwa kwamba alivuta vumbi na moshi wa mashimo ya kuchomea taka, na pumu iliyogunduliwa baada ya kutoka jeshini imo kwenye orodha. Maana yake huna haja ya kuthibitisha kwamba moshi ndio uliokuletea pumu. Thibitisha mambo mawili: ulikuwa Kuwait, na una pumu. La kwanza limo kwenye kumbukumbu zako za jeshi, la pili liko kwa daktari wako. Wenzetu wengi hubaki nyumbani wakijiuliza watathibitishaje, na swali lenyewe lilishafutwa.

Goti ni habari nyingine, halina orodha. Hapo unahitaji kuonyesha lilianzia jeshini. Omba faili lako la matibabu ya jeshi, tafuta ile siku ya ibuprofen. Mstari mmoja wa tabibu ulioandikwa 2011 una uzito kuliko kurasa kumi utakazoandika leo.

Sasa hesabu zao, maana zitakushangaza. Pumu ya dawa ya kuvuta kila siku, kwa kanuni ya sasa, kwa kawaida hupewa asilimia 30 ya ulemavu. Tuseme goti likapewa 10. Utasema ni 40. Ndiyo, ni 40, lakini si kwa njia unayodhani. Wanaanza na mtu mzima wa 100. Pumu imekula 30, umebaki 70. Goti linakula asilimia 10 ya hiyo 70, yaani 7. Jumla 37, wanaisogeza mpaka kumi iliyo karibu, 40. Ndiyo maana mwenye 50 na 30 hapati 80. Anapata 65, inasogezwa 70. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani mashine imekosea. Kwa viwango vya 2025, 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, 30 ilikuwa dola 537.42 kwa mtu asiye na wategemezi. Na kuanzia 30 ndipo wanaongeza kwa ajili ya mume na watoto, kwa hiyo Kulwa na Doto nao wanahesabiwa. Fedha hiyo haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu.

Jina: si tatizo, ni usumbufu. DD-214 inabaki na jina ulilokuwa nalo siku unatoka, usihangaike kutaka ibadilishwe. Ambatisha nakala ya cheti cha ndoa, na kwenye fomu ya dai, 21-526EZ, kuna mahali wanauliza kama uliwahi kuhudumu kwa jina jingine. Jaza. Wanawake wengi wanaliruka swali hilo, halafu faili linatafutwa kwa jina ambalo jeshi halikuwahi kulisikia. Namba yako ya hifadhi ya jamii haijabadilika, hiyo ndiyo inayokuunganisha. DD-214 ikipotea, nakala inaombwa bure kwenye hifadhi ya taifa ya kumbukumbu za watumishi, St. Louis.

Huyo kaka wa mara tano. Mdogo wangu, mwambie asante, na ufunge mlango. Ni kinyume cha sheria mtu kukutoza kwa kukuandalia dai la kwanza. Hata wakili aliyeidhinishwa na VA haruhusiwi kulipwa mpaka uamuzi wa kwanza uwe umetoka. Wawakilishi walioidhinishwa wa vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion wanafanya kazi hiyo bure, na huko Texas kila kaunti yenye watu wengi ina ofisa wake wa maveterani. Mwulize mtu yeyote swali moja tu: umeidhinishwa na VA? VA.gov ina ukurasa wa kumtafuta kwa jina. Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

Na hilo la kutokupigana, nimelisikia miaka 20. Hakuna fomu hata moja inayouliza ulipiga risasi ngapi. Tena nikwambie: mpaka Machi 2023 kaulimbiu ya VA ilikuwa maneno ya Rais Lincoln, kumtunza "yeye aliyebeba vita", na mjane wake, na kwa Kiingereza huyo "yeye" ni mwanamume. Ilikuwa imebandikwa kwenye kuta za idara yenyewe. Waliibadilisha, sasa inasema wale waliohudumu. Kwa hiyo huyo dada wa mapokezi alikuwa nyuma, ila nyuma yake kulikuwa na ukuta mzima.

---

Mzee wa Tacoma amejibu:

Nauliza kwa heshima, msinirukie. Mimi nilikuwa vitani Mosul, Iraq, nina rafiki aliyeacha mguu kule. Sasa tukisema kila aliyeendesha lori Kuwait adai, foleni si itazidi kuwa ndefu kwa walioumia kweli?

---

Sajini Mstaafu amejibu:

Kaka, swali ni halali, ila fidia si sufuria moja ya wali ambayo akipakua huyu anabakiza kidogo kwa yule. Sheria inamlipa kila aliyetimiza masharti. Rafiki yako hapungukiwi senti. Upande wa hospitali kuna makundi ya vipaumbele, kutoka la 1 hadi la 8, na mwenye asilimia 50 na kuendelea yuko la kwanza. Rafiki yako, akiwa na asilimia hizo, yuko mbele ya dada huyu, na ataendelea kuwa mbele.

Na huyo "aliyeendesha lori", nani alikuletea maji Mosul?

---

Mzee wa Tacoma amejibu:

Hapo kwenye maji umenipata. Kwenye fedha pia nimeelewa. Foleni ya kliniki ya meno bado nina maneno nayo, ila si kosa la dada huyu. Mama Kulwa, nenda kadai.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Dada, pole na hongera kwa kuandika. Nimeguswa na mstari wako wa mwisho kuliko yote. Sikuulizi ni nini. Nitaandika kwa yeyote anayesoma, achukue kinachomhusu.

Kama jambo la kambini lilikuwa ukatili au usumbufu wa kingono, VA inatibu madhara yake bure, mwili na akili, na huhitaji kuwa na asilimia yoyote. Huhitaji kuwa uliripoti wakati ule. Huhitaji karatasi yoyote. Kila hospitali ya VA ina mratibu wa masuala hayo. Ukipiga simu unasema tu unamtaka yeye, huna haja ya kumweleza mtu wa mapokezi. Ukitaka daktari mwanamke, omba. Na kuna Vet Center, ofisi za VA za ushauri nasaha, ambazo ziko mbali na hospitali, mara nyingi ni ofisi ndogo kwenye jengo la maduka. Wanachokiandika kule hakiendi kwenye faili lako la hospitali bila idhini yako. Nimewaona wanawake wengi wakianzia hapo, kwa sababu hakuna bendera kubwa mlangoni wala wanaume sitini wanaogeuka kukutazama.

Fidia kwa jambo hilo ni safari tofauti na matibabu, na unaweza kuchukua moja ukaacha nyingine. Ukiamua kudai, kanuni inatambua kwamba wengi hawakuripoti, kwa hiyo inapokea ushahidi wa pembeni: uliomba uhamisho ghafla, alama zako za kazi ziliporomoka mwezi fulani, ulipima mimba au magonjwa, ulimwandikia mama au dada yako barua, ulizungumza na kasisi au imamu. Usichome barua za zamani.

Sasa mambo mengine matatu ambayo wanawake wetu huyakosa.

Hospitali na ofisi ya mafao ni nyumba mbili zenye paa moja. Kujiandikisha upande wa matibabu, fomu 10-10EZ, hakufungui dai lako la fidia, na kinyume chake ni vilevile. Tangu 5 Machi 2024, aliyekuwa kwenye maeneo ya moshi kama wewe anaweza kujiandikisha matibabu moja kwa moja, asisubiri dai lijibiwe. Kila hospitali ina msimamizi wa programu ya wanawake, na kila ofisi ya mkoa ya mafao ina mratibu wa wanawake. Ni watu wawili, simu mbili. Ukichanganyikiwa, kuna laini ya maveterani wanawake, 855-829-6636; wanaopokea ni wanawake, na hawatakuuliza jina la mume.

Matiti. Mwaka 2022 ilipita sheria yenye jina la Dk. Kate Hendricks Thomas, ofisa wa kikosi cha Marine aliyehudumu Fallujah, Iraq, mwaka 2005, akapata saratani ya matiti akiwa bado kijana, akafariki Aprili 2022, miezi miwili kabla sheria haijasainiwa. Kwa sababu yake, aliyehudumu sehemu kama Kuwait anaweza kutathminiwa hatari yake na kupigwa picha ya matiti bila kungoja umri wa kawaida. Wewe ukienda, iulizie. Wasipoitaja wao, itaje wewe.

Na uzazi. VA inalipia ujauzito na kujifungua, kwa hospitali za nje, na mtoto anahudumiwa siku 7 za mwanzo. Mapacha wako wamekosa, ila andika kwa ajili ya wadogo zako waliopo jeshini sasa.

Ukizidiwa usiku, wewe au msomaji mwingine, piga laini ya msaada ya maveterani: 988 kisha bonyeza 1.

---

Shemeji wa Killeen amejibu:

Mke wangu ndiye mwanajeshi, mimi ni dereva wake na mlezi wa watoto, ha ha. La kwangu fupi. Dai lake la kwanza lilikataliwa kwa sababu tuliona namba tusiyoijua ikipiga, tukadhani matapeli, hatukupokea. Kumbe ilikuwa kampuni iliyopewa kazi ya kumpangia kipimo cha dai. Siku ya kipimo ikapita hatukwenda, barua ya kukataliwa ikaja. Tulifungua dai la nyongeza, fomu 20-0995, ndani ya mwaka mmoja, ndiyo maana tarehe yake ya zamani haikupotea. Kwa hiyo ukishawasilisha, pokea kila simu, hata ya tapeli.

Siku ya kipimo usijikaze. Mke wangu aliulizwa goti likoje, akajibu "liko sawa tu" kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Mara ya pili nilimwambia aeleze siku mbaya: ngazi anazopandaje, sala anasalije. Na ukipimwa hospitali ya VA, dai nauli, ni senti 41.5 kwa maili, uombe ndani ya siku 30.

---

Mama Kulwa na Doto amejibu:

Nimerudi. Imepita wiki mbili, samahanini kwa ukimya.

Nia niliiweka usiku uleule, saa sita kasoro, mume wangu kasinzia. DD-214 niliitafuta siku tatu nikaikuta kwenye boksi la nguo za mapacha za uchanga, chini kabisa, imepata doa la mafuta ya nazi upande mmoja. Jina linasomeka. Kuingia VA.gov kulinisumbua kwa sababu ya yale majina mawili, nikapiga simu, mama mmoja akanivusha hatua kwa hatua. Mwishoni akaniambia asante kwa utumishi wako. Nilinyamaza. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo mimi peke yangu bila kumtazama mume wangu kwanza.

Yule kaka wa mara tano nilimwuliza kama ameidhinishwa. Alinitumia sauti ya dakika nne. Sikuisikiliza yote.

Mwakilishi wa kaunti amenipa miadi Alhamisi. Bi Muuguzi, nilipiga ile simu nyingine pia. Nimeanzia Vet Center. Inatosha hivyo kwa sasa.

Swali moja limebaki. Faili la matibabu limekuja, siku ya ibuprofen haimo. Hata mstari. Lakini tuliyekuwa naye kwenye lori siku ile tunawasiliana, yuko Georgia, anakumbuka alinibeba begi. Ushahidi wake unakubalika, au wanataka daktari tu?

---

Sajini Mstaafu amejibu:

Unakubalika. Fomu 21-10210, ni ya maelezo ya shahidi. Aandike mahali, mwezi, alichokiona kwa macho yake: ulivyoanguka, ulivyochechemea, muda gani. Asiandike "goti lake liliharibika kwa sababu ya jeshi", hilo ni la daktari. Usimtungie maneno, aandike kwa Kiingereza chake mwenyewe hata kama kina makosa.

Usimwonee haya kumwomba. Deborah Sampson, aliyejivika nguo za kiume akaingia vita vya uhuru wa Marekani mwaka 1782, naye hakupata pensheni ya serikali kuu mpaka jirani yake alipomwandikia barua mbunge, mwaka 1804. Jirani mwenyewe alikuwa Paul Revere, shujaa maarufu wa vita hivyohivyo. Mwaka uliofuata akaanza kulipwa dola 4 kwa mwezi. Wewe huyo wa Georgia ndiye Revere wako, mpigie kabla ya Alhamisi.

Na nenda na nakala mbili za cheti cha ndoa.